Mlango wa Ijumaa: barua ya wazi kuhusu majengo mapya ya balozi zetu Ghuba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Kwa waheshimiwa mabalozi wetu mlioko Muscat, Abu Dhabi, Riyadh, Doha na Kuwait. Na kwenu wasanifu mnaochora ramani za majengo hayo.

Assalaam alaikum, na amani iwe kwenu nyote.

Naandika kutoka Ngamiani, Tanga, usiku, wanangu wamelala. Nilifanya kazi za ndani Ghuba kwa miaka mitatu na miezi minne. Nchi sitaitaja, wala ubalozi sitautaja, kwa sababu sikuja kumshitaki mtu. Afisa aliyenipokea alikuwa kijana mpole na alinitendea kadiri ya uwezo wake. Moyo alikuwa nao. Chumba cha kuniweka ndicho hakuwa nacho. Ndiyo maana barua hii nawaandikia ninyi mnaoamua majengo yaweje, sikumwandikia yeye.

Kwa miaka mingi sasa wizara yenu imekuwa ikisema kwamba nia ni kuacha kupanga nchi za watu, tujenge wenyewe kwenye viwanja vyetu au tununue nyumba zetu. Naunga mkono kwa moyo wote. Nimekulia nyumba ya kupanga, najua kodi ni maji ya kwenye pakacha. Jengo likiwa letu, fedha za kigeni zilizokuwa zikienda kwa mwenye nyumba zitabaki, na ghorofa za ziada zinaweza kupangishwa. Hesabu hiyo sina la kuipinga.

Ila zinapotoka picha za uzinduzi wa jengo la ubalozi, letu au la majirani zetu, mimi huwa na pahali pangu pa kutazama. Wengine watatazama bendera, jiwe la msingi lililofunikwa kitambaa, utepe, mkasi juu ya sinia, Mlima Kilimanjaro kwenye fremu ukutani. Mimi natafuta mlango. Natazama umeelekea wapi, nje yake pana kivuli au jua tupu, na kile kibao cha saa za kazi kimeandikwa nini. Asubuhi moja ya Ijumaa ndiyo iliyoyafundisha macho yangu hivyo.

Nilitoka kwa bosi wangu usiku wa kuamkia Ijumaa, saa nane, kwa mlango wa kutolea taka. Yaliyonitoa sitayasimulia. Mwanamke mwenye akili zake hatoki usiku wa manane nchi ya watu, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, kwa kupenda kutembea. Pasi yangu ilikuwa kwenye sefu ya kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini kisheria, tangu siku niliyoshuka uwanja wa ndege. Nilikuwa na simu yenye chaji kidogo na noti mbili nilizozishonea kwenye pindo la gauni, maana mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijasafiri. Alisema fedha ya kurudi haikai pamoja na fedha nyingine.

Dereva wa teksi aliyenisimamia alikuwa Mpakistani, mzee wa ndevu nyeupe. Nilimwambia maneno mawili tu, "Sifara, Tanzania." Hakuujua ubalozi wetu ulipo. Aliwauliza madereva wenzake watatu njiani mpaka tukafika. Nilipompa zile noti mbili, alichukua moja akanirudishia nyingine.

Geti lilikuwa limefungwa. Kibao kilisema Jumapili mpaka Alhamisi. Nikabisha, nikabisha tena. Mlinzi, ambaye hakuwa Mtanzania na Kiswahili hakijui, alitoa kichwa kwenye kidirisha akaniinulia vidole viwili. Siku mbili. Nikamwonyesha mguu wangu ulivyovimba. Akaniletea chupa ya maji, Mungu amlipe, kisha akaniashiria nisikae pale getini.

Mheshimiwa Waziri, katika nchi nyingi za Ghuba wiki ya kazi huanza Jumapili, na mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Ubalozi unafuata kalenda ya mwenyeji, na si vibaya. Sasa tazameni upande wa kadama, maana huko ndivyo tunavyoitwa. Akijaliwa bosi mwenye imani, siku anayopewa saa mbili tatu za kutoka ni Ijumaa. Akiwa na bosi wa namna nyingine, Ijumaa ndiyo siku nyumba inapojaa wageni, sufuria zinapoongezeka, na lawama pia. Siku ambayo raia wenu ana nafasi ya kufika mlangoni, au ana sababu ya kukimbilia mlangoni, ndiyo siku mlango umefungwa. Kwa mtu mwenye biashara, mwenye gari na pasi yake mkononi, kusubiri mpaka Jumapili ni usumbufu. Kwa mtu aliyetoroka ni usiku mbili za mtaani, na mwajiri wake anaweza kuzitumia kwenda kituo cha polisi kuandikisha kwamba mtumishi wake amepotea na vitu vya thamani.

Ilikuwa Julai. Saa mbili asubuhi lami ilikuwa tayari inachoma. Ukuta wa ubalozi ulikuwa mzuri, mrefu, mweupe, hauna hata tofali moja lililochomoza la kukalia. Niliuzunguka wote nikitafuta upande wenye kivuli. Ukuta ule ulikuwa wa nchi yangu, na sikuwa na pa kuuegemea.

Nikaenda msikitini, upande wa wanawake. Bibi mmoja aliniuliza kitu kwa Kiarabu, na mimi kwa uchovu nikamjibu kwa lugha iliyonitoka kwanza, "Samahani bibi." Akanyamaza. Kisha akasema, kwa Kiunguja cha zamani, cha polepole, "Wewe mtoto umetokea wapi?" Nililia pale nilivyokuwa sijalia njia nzima.

Alikuwa amezaliwa Unguja, akaondoka na wazazi wake baada ya 1964, angali msichana. Alinichukua kwake bila kuniuliza habari za karatasi. Nililala chumba cha wajukuu, nikafungwa mguu, nikala mikate ya kumimina na chai ya iliki. Kila mtu mwenye asili ya kwetu anayeishi kule anajua kwamba Kiswahili kinaweza kukufungulia mlango wa jirani. Namshukuru Mungu kwa Bibi yule. Lakini haiwezi kuwa ndiyo mipango ya serikali, kwamba raia akipatwa na shida Ijumaa aombe akutane na bibi wa Kiunguja msikitini.

Jumapili alinisindikiza. Foleni ilikuwa nje, juani, watu kama kumi na saba, na mawakala wenye mafaili walipita mbele yetu maana wao wanajulikana. Tulipoingia ndani palikuwa pazuri kweli: vigae vinang'aa, viti vya ngozi, baridi ya kiyoyozi. Mazungumzo yalikuwa ya dirishani, kwenye kioo chenye tundu. Ili afisa anisikie ilinibidi nipaze sauti. Nikalieleza jambo langu, pamoja na yale ambayo mpaka leo sijamweleza mama yangu, mbele ya ukumbi mzima. Miongoni mwa waliokaa kwenye vile viti vya ngozi alikuwemo mtu wa ile ofisi iliyonipeleka kwa bosi. Nilimwona akitoa simu.

Nawaombeni wasanifu mnisome hapa kwa makini. Hakuna aliyekusudia nidhalilike. Aliyechora ukumbi ule aliwaza wateja wa viza, wawekezaji na watalii, na kwa hao kioo kile kinatosha sana. Hakuambiwa na yeyote kwamba atakuja pia mwanamke ambaye adui yake amekaa kiti cha nyuma.

Yule afisa kijana aliniuliza swali moja ambalo sijalisahau. "Dada, usiku utalala wapi?" Hakuliuliza kwa dharau. Aliuliza kwa sababu hakuwa na jibu, na nilimwona usoni. Kurudi kwa Bibi alisita kuniruhusu, maana ningekamatwa nyumbani kwake na yeye angeingia matatani. Akatoa fedha mfukoni mwake akanipa. Akapiga simu hapa na pale. Saa tisa alasiri, mtu aliyekuja kunichukua ni yuleyule mwenye simu. Nikarudishwa maktab, ile ofisi ya wakala, chumba kimoja wanawake kumi na wanne, choo kimoja, simu zote zimekusanywa. Nilikaa humo majuma matano mpaka hati ya dharura ya kusafiria ikatoka na tiketi ikapatikana. Wiki ya tatu msichana wa Singida aliyelala ubavuni kwangu alikubali kurudi kwa bosi aliyemmwagia maji ya moto, kwa sababu alichoka kukaa pale. Nilimsaidia kufunga begi. Mpaka leo najiuliza kama ningemzuia.

Msidhani nimeokota kisa cha nadra. Mwezi Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti ndefu juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania huko Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Wanawake waliohojiwa walieleza pasi zilizozuiwa, mishahara iliyokatwa au isiyolipwa, na kazi ya hadi saa 21 kwa siku. Nilipoisoma niliona maisha yangu yameandikwa na mtu ambaye hakuwahi kunijua. Pia niwe mkweli, wapo waliopata mabosi wema, wakajenga kwao, wakasomesha wadogo zao. Mmoja ni binamu yangu. Hao watakwenda ubalozini kufanya upya pasi na kurudi zao. Mlango ninaouzungumzia mimi ni wa wale wengine.

Siku zile mbili kwa Bibi, mjukuu wake mmoja aliyekuwa akisoma historia chuoni alinionyesha kitu kwenye simu yake. Tarehe 21 Septemba 1833, pale Muscat, Seyyid Said bin Sultan aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani. Mji wake wa pili ulikuwa Unguja, na ndiko alikokuja kuhamishia makao yake. Ndani ya mkataba ule mna kifungu juu ya mabaharia wa Kimarekani ambao chombo chao kitavunjika kwenye pwani zake: watakaonusurika wapokewe na kukirimiwa kwa gharama ya Sultani mwenyewe, mpaka wapate njia ya kurudi kwao. Miaka minne baadaye, 1837, Marekani ikafungua ubalozi mdogo Unguja. Biashara ya pembe za ndovu, gundi na marikani ndiyo iliyowaleta, hilo halifichiki, lakini kabla hawajapata hata nyumba ya kutundika bendera walikwishaandikiana nani atamlisha baharia aliyenusurika. Kijana yule akanitazama mguu wangu uliofungwa kitambaa akasema, "Wewe pia umevunjikiwa na chombo." Alikuwa na miaka kama ishirini. Nimelikumbuka neno lake mara nyingi kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia.

Na sheria za leo zinasema vilevile, kwa lugha ya kiofisi zaidi. Mkataba wa Vienna wa 1961 juu ya uhusiano wa kidiplomasia, kifungu cha 3, unataja kulinda maslahi ya raia kuwa mojawapo ya kazi za ubalozi. Ule wa 1963, juu ya uhusiano wa kikonseli, kifungu cha 5, unasema kuwasaidia raia. Haya mnayajua kuliko mimi, sitawachosha nayo.

Niwaeleze jambo moja ambalo nililiona kwa macho yangu huko huko, na baadaye nikalisoma vizuri. Kule maktab walikuwemo pia Wafilipino, na wao walikuwa wakiondoka upesi. Niliuliza kwa nini. Mmoja akaniambia, kwa Kiarabu chetu cha jikoni, kwamba kwao ubalozini kuna nyumba. Nilidhani ananieleza ndoto. Kumbe ni sheria. Mwezi Machi 1995 mfanyakazi wa ndani wa Kifilipino, Flor Contemplacion, alinyongwa Singapore kwa kosa la mauaji, na nchi yao nzima ikalipuka kwa hasira, watu wakiuliza serikali ilikuwa wapi mtoto wao alipohitaji msaada. Mwezi Juni mwaka huohuo Bunge lao lilikwishatunga Sheria ya Jamhuri namba 8042. Sheria ile inasema kila nchi yenye Wafilipino wafanyakazi 20,000 au zaidi, ubalozi uwe na kituo cha wafanyakazi wahamiaji, ndani ya eneo la ubalozi na chini ya mamlaka yake. Na inasema kituo kiwe wazi saa 24, kila siku, pamoja na Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kwa marekebisho ya 2010 ikaongezwa kwamba katika nchi zenye matatizo makubwa serikali iweke pale mwanasheria anayejua sharia au haki za binadamu, mwanasaikolojia, na mtu wa ustawi wa jamii.

Sisemi Wafilipino wamemaliza shida zao. Hawajamaliza. Ninachosema ni kwamba kituo kilitajwa kwenye sheria. Hakikuachiwa huruma ya afisa wa zamu na mfuko wake. Wenzetu walihitaji kifo ndipo waandike hivyo. Sisi majeneza yetu yamekuja pia, yameshukia Dar es Salaam na Unguja, na familia zimezika bila kujua mtoto wao alikufa kwa nini. Sheria bado.

Kuna jambo la Roma ambalo lazima niliguse, kwa sababu linanionyesha tunajali nini. Mwaka 2002 serikali ilinunua jengo la ubalozi wetu Roma, kwa zaidi ya euro milioni 3. Bei ile ikazaa kesi iliyofikishwa mahakamani 2007. Mwaka 2012 Rais mstaafu Mkapa alisimama kizimbani Kisutu kama shahidi wa utetezi, jambo ambalo wengi hatukuwahi kuliona, na mwezi Agosti mwaka huo mahakama ikawaachia huru washitakiwa. Sirudii kesi iliyoamuliwa, na fedha ya umma kuhojiwa ni haki yetu. Lakini jamani, tulizungumza juu ya jengo lile miaka mitano: bei, mikataba, akaunti. Tuliwahi lini, kama taifa, kuzungumza hata juma moja juu ya nani anaingia mlango wa ubalozi, saa ngapi, na akiingia anawekwa wapi?

Sasa niseme ninachoomba, na niseme kama mtu aliyefagia nyumba nyingi za watu, maana anayefagia nyumba huijua kuliko mwenyewe.

Mkichora jengo lolote la Ghuba, anzeni nje ya ukuta. Wekeni kibaraza chenye paa, benchi la kukaa watu ishirini, bomba la maji ya kunywa, na choo ambacho mtu anakifikia kabla ya kukaguliwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya vigae vya ukumbini. Wekeni na geti dogo la pembeni, lenye kengele, na nyuma yake mlinzi mmoja anayejua Kiswahili, usiku na mchana. Kule nilikofanya kazi kila nyumba ya tajiri ina mlango wa watumishi. Sisi tuupe mlango huo maana nyingine, uwe ndio unaofunguka upesi zaidi.

Ndani, mbali na ukumbi wa viza, pawe na chumba cha mazungumzo chenye mlango unaofungwa, na afisa mwanamke. Wakala asikae ukumbi mmoja na mtu anayekuja kumlalamikia. Apewe siku yake na mlango wake. Halafu kuwe na vyumba vya kulala. Siombi hosteli. Vitanda kumi na viwili, jiko, pahali pa kuswali, pahali pa kufulia, kabati lenye kufuli, na soketi nyingi za kuchajia simu. Mtanielewa kwa nini nasema soketi. Simu ndiyo mama, ndiyo mtoto, ndiyo ushahidi wa picha za majeraha. Maktab walizikusanya kwa sababu wanajua hilo. Dirisha la vyumba hivyo lielekee ndani ya uwanja wa ubalozi, lisielekee barabarani ambako kafili anaweza kupaki gari na kungoja.

Na pawe na mtu anayelala humo humo jengoni, kwa zamu, mwenye mamlaka ya kufungua na kuandika hati ya dharura bila kungojea mkubwa wake amalize mapumziko. Jengo lisilo na mtu wa namna hiyo litakuwa na vitanda kumi na viwili vilivyofungiwa funguo.

Kuhusu saa za kazi, ombi langu ni moja. Ofisi ya viza ifungwe Ijumaa kama kawaida. Dawati la raia lifunguliwe Ijumaa, na wahusika wapumzike Jumanne au siku yoyote mtakayoona inafaa.

Najua mtakayonijibu, maana nimeyawaza sana kabla sijashika kalamu. Mtasema nchi mwenyeji haitapenda, kwamba jengo la ubalozi halipaswi kugeuka maficho. Ni kweli mtu mwenye shitaka la jinai ni jambo jingine, na mna haki ya kuhofia. Lakini mwanamke aliyenyimwa mshahara na pasi yake si mhalifu, na Ufilipino ina uhusiano na nchi zilezile mlizo nazo ninyi, na vituo vyao vipo. Waulizeni walizungumzaje na wenyeji. Mtasema pia kwamba nyumba ya hifadhi itawavuta wengi watoroke. Mheshimiwa, hakuna anayetoroka kwa ajili ya kitanda cha ubalozi. Tulikwenda kule kutafuta ada za shule. Mtu anayevumilia mpaka analowa damu hashawishiwi na godoro.

Na mtasema fedha. Hapo nina jibu la mtu wa kupanga: jengo likiwa letu na ghorofa zikipangishwa, kama mnavyopanga, kodi ya nusu ghorofa itatosha kulisha watu kumi na wawili. Andikeni hivyo kwenye mpango wa biashara wa jengo tangu mwanzo, kabla kila chumba hakijapata mpangaji.

Yapo mengine ambayo yangehitaji barua yake: mawakala wa huku nyumbani, mikataba inayobadilishwa mtu akiwa angani, semina za siku moja kabla ya safari, tofauti kati ya anayepitia Bara na anayepitia Zanzibar. TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, na Kamisheni ya Kazi kule Zanzibar wanayajua. Leo nimeshika mlango tu, nisije nikaacha yote nusu nusu.

Nimebakiza la wasanifu. Kabla ramani haijapitishwa, waiteni wanawake watatu au wanne waliorudi, muwape karatasi na penseli, muwaulize walipita wapi na walikaa wapi. Tupo Tanga, tupo Dodoma, tupo Pemba, tupo Singida. Hatutaomba posho. Mimi nitapanda basi kwa nauli yangu. Nitawaonyesha kwa hatua ni umbali gani mtu mwenye mguu uliovimba anaweza kutembea kutoka barabara kuu mpaka getini, maana niliutembea nikiuhesabu.

Bibi yule bado yu hai. Tunazungumza kwenye simu kila Ijumaa baada ya swala, na ananiuliza wanangu, mguu, na kama mvua imenyesha Tanga. Mwezi uliopita nilimwambia nakusudia kuandika barua hii. Akacheka kidogo, kisha akaniambia, "Waambie wakifungua hilo jengo lao, mimi nitakuja na mikate." Nikamwambia wakubwa huwa wanazindua siku za kazi, na yeye siku hizo hana wa kumpeleka, wajukuu wanakuwa kazini.

Kwa hiyo nina ombi la nyongeza, na si gumu. Jengo letu lijalo la Ghuba, popote litakapokuwa, lizinduliwe siku ya Ijumaa. Kateni utepe pale pale kwenye geti dogo la pembeni, na mkishamaliza picha na wageni wakaondoka, geti hilo lisifungwe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa watoto wawili, fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga